Udongo wa Darini: Vifusi na Makumbi ya Mombasa

Mazungumzo yetu ya leo yahusu mapaa. Nataka tuyatazame mapaa ya kisiwa chetu cha Mombasa, hasa haya ya zege yaliyozagaa tangu Majengo hadi Ganjoni na kuuzunguka Mji wa Kale. Kisha tuzitazame taka tunazozitoa kila siku zikasombwa kupelekwa mbali. Tukishavitazama viwili hivyo, tuulizane vipi havijakutana mpaka leo.

Watu wakitaka bustani juu ya dari, jambo la kwanza wanalofanya ni kuagiza lori la udongo mwekundu kutoka bara. Mimi nasema hilo ni kosa. Udongo wa kupandia darini hauchimbwi, hutengenezwa. Na hapa Mombasa vya kutengenezea tunavyo: vifusi vya nyumba zinazobomolewa, vigae vilivyovunjika, makumbi ya madafu, na mabaki ya soko. Tulichopungukiwa ni kanuni ya kuvichanganya, na uangalifu wa kuchagua kipi kipande juu na kipi kibaki chini.

Anayedhani kwamba juu ya mawe matupu hakuoti kitu, nampeleka Bamburi. Kiwanda cha saruji pale kilianza kuchimba mwamba wa matumbawe katika mwaka 1954, na baada ya miaka kumi na kitu kikawa kimeacha shimo kubwa jeupe, halina hata kiganja cha udongo. Chini ya mwamba huo maji ni ya chumvi, na juu yake jua halina mpaka. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aliyetoka Uswisi, René Haller, akaanza kupanda miti katika sakafu ya machimbo hayo. Alijaribu aina 26. Zilizoshika zilikuwa chache mno, na iliyozishinda zote ni mvinje, mti huu huu tunaouona ukivuma pwani. Mvinje una siri yake mizizini: huishi pamoja na vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuifanya chakula cha mti.

Hata hivyo, mvinje peke yake haukutosha. Majani yake membamba yalianguka yakalala chini pasina kuoza, kwa kuwa ni makavu na machungu. Hapo ndipo walipoletwa majongoo, hawa wenye miguu myekundu tunaowakuta wakati wa mvua. Majongoo wakayala majani, wakayasaga, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Miti mingine ikafuata, nyasi zikafuata, ndege na wanyama wakafuata. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtunuku Haller kwa kazi ile, na leo mahali pale wanafunzi wa shule zetu hupelekwa kutembea. Panaitwa Haller Park.

Nimeitaja Bamburi kwa sababu inatuonyesha udongo ni kitu gani. Udongo ni jiwe lililovunjika, likachanganyika na kilichooza, vikakaliwa na viumbe vidogo vyenye uhai. Vitatu hivyo vikipatikana, mmea utashika. Bamburi vilipatikana kwa miaka mingi ya subira. Darini tunaweza kuifupisha kazi, maana kila kimoja tunaweza kukichagua, kukipima na kukichanganya kwa mkono.

Natuvipitie kimoja kimoja.

Cha kwanza ni jiwe. Kwa bustani nyepesi ya darini, sehemu saba au nane kati ya kumi za mchanganyiko huwa ni vitu vya asili ya mawe, na mbili au tatu zilizobaki ndizo mboji na makumbi. Wengi hushangaa, wakidhani mboji ndiyo ingekuwa nyingi. Lakini mboji huendelea kuoza, na kila ikioza hunywea. Ukijaza dari mboji tupu, baada ya misimu michache kimo kitakuwa kimeshuka nusu, mifereji imeziba kwa tope, na kila mvua itashuka barazani rangi ya chai. Jiwe halinywei. Kazi yake ni kubeba mizizi, kupitisha maji yanayozidi, na kuacha nafasi ya hewa.

Jiwe letu ni tumbawe. Lina matundu madogo yasiyohesabika, kwa hivyo ni jepesi kuliko kokoto za mwamba mgumu, na matundu hayo huweka maji kidogo kwa ajili ya siku za jua. Kila nyumba ya zamani inapobomolewa kisiwani, vifusi vya tumbawe na chokaa hurundikwa njiani vikingoja lori. Hivyo ndivyo vya kuponda na kuchekecha: vipande vinavyolingana na harage kwa safu ya chini, na vilivyo kama punje ya mtama kwa mchanganyiko wenyewe. Vumbi laini litolewe, kwa kuwa ndilo linaloziba njia za maji.

Lakini sikilizeni vizuri, hasa nyinyi wenye nyumba na makontrakta wa Mji wa Kale. Jiwe zima la tumbawe, lililochongwa na wazee, lisipondwe hata moja. Hilo ni mali ya fundi wa ukarabati, na halipatikani tena kwa urahisi. Boriti nzima na mlango wa nakshi ni vivyo hivyo. Kinachofaa kupanda darini kikiwa kokoto ni kile tu kisichoweza kurudi ukutani.

Tumbawe lina tabia moja ya kujihadhari nayo: ni chokaa. Mmea usiopenda chokaa hushindwa kunywa madini ya chuma, na utaujua kwa majani yake machanga: yanakuwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani. Vifusi vya zege jipya ni vikali zaidi, na ni heri vilale nje vipigwe na mvua masika nzima kabla ya kutumiwa. Mrehani, shubiri, na yale majani manene ya ufukweni yanayostahimili chumvi na upepo wa kusi hayatakuwa na taabu kubwa. Asumini ni mpole zaidi. Mama zangu mnaotunga vikuba, asumini wenu muuweke katika debe lake, muuzidishie mboji, msiulazimishe kuishi na kokoto za chokaa.

Pamoja na tumbawe kuna vigae vyekundu. Nyumba nyingi za zamani za hapa ziliezekwa vigae vya udongo wa kuchoma vilivyoletwa kwa meli kutoka Mangalore, India. Vikivunjika, watu huvitupa. Na kigae kilichopondwa ni miongoni mwa vitu bora kabisa kwa bustani ya paa: ni chepesi, kinanyonya maji, wala hakina ukali wa chokaa. Ujerumani na Uingereza, matofali na vigae vilivyosagwa ni sehemu ya kawaida ya udongo wa mapaa. Ukichanganya kigae na tumbawe, kigae huupunguza ukali wa tumbawe, na tumbawe hufidia uhaba wa kigae.

Cha pili ni makumbi. Nendeni Mama Ngina, pale ufukweni, jioni ya Jumapili mkaone milima ya madafu yaliyokwisha kunywewa. Kumbi la dafu likipasuliwa, likakaushwa na kupondwa, hutoa nyuzi na unga. Unga huo hushika maji mengi kuliko uzito wake wenyewe, nao hauozi upesi kama majani. Katika nchi nyingine unga wa kumbi hufungwa kama matofali ukauzwa kwa wenye bustani ng'ambo ya bahari. Sisi tunalipa lori lije kuyatupa makumbi.

Nalo kumbi lina sharti lake. Mnazi wa pwani hubeba chumvi, na makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba wa kamba yamelowa maji ya bahari miezi mingi. Yasuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa, au yaachwe wazi kwenye mvua, mpaka ukionja maji yanayotoka usisikie chumvi. Wala msimwagilie bustani maji ya visima vya kisiwani vilivyoingiliwa na bahari, hata kama bomba limekauka wiki nzima. Chumvi ikishapanda darini, haina pa kushukia ila mizizini.

Cha tatu ni mboji. Masoko ya Marikiti na Kongowea hutoa kila siku maganda, majani ya ndizi, mboga zilizonyauka. Jikoni mwetu hutoka machicha ya nazi, na kwenye vijiwe vyetu hutoka machicha ya kahawa. Vyote vyaoza vizuri vikichanganywa na vikavu. Ila mboji isipikwe darini. Machicha ya nazi yana mafuta, huita panya na siafu. Mabaki ya samaki huita paka. Na sote tunawajua hawa kunguru wa Kihindi, walivyoenea mjini na wanavyokichakura chochote kilichoachwa wazi. Mboji ipikwe chini, uwanjani au sokoni, ndani ya boma lililofunikwa, ipate joto la kutosha kuua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi, ikae miezi mitatu au zaidi, mpaka iwe nyeusi na inukie udongo wa mvua. Hapo ndipo ipandishwe.

Na sheria iko upande wetu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza tangu zinapotoka. Zikitenganishwa Marikiti kwenyewe, gari halina haja ya kubeba maji yaliyomo ndani ya maganda hadi jaa la Mwakirunge. Tulishaona Kibarani, pale penye mlango wa kisiwa, taka zikipanda miaka na miaka kandokando ya bahari kabla jaa halijafungwa na mahali hapo kupandwa miti. Tusilihamishe tatizo tukadhani tumelitatua.

Sasa nije kwenye jambo linaloweza kuua mtu: uzito.

Mita moja ya mraba ya udongo wa kawaida wa shamba, kimo chake sentimita 10, ikilowa maji yafika karibu kilo 200. Ni mifuko minne ya saruji katika kila mita. Dari ya mita 10 kwa 8 itakuwa imebeba tani 16. Na kwa kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wetu wamezitumia miaka mingi, paa lisilokusudiwa kupandwa na watu husanifiwa kwa mzigo wa ziada wa kama kilo 60 tu kwa mita, na lile la kutembelewa na watu kilo 150. Fanyeni hesabu wenyewe. Ndiyo sababu udongo mwekundu wa lori nauita kosa.

Mchanganyiko mwepesi unaweza kupunguza mzigo huo kwa thuluthi au zaidi, lakini msiamini neno langu wala la muuzaji. Pimeni, na kupima ni rahisi. Chukueni ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini. Jazeni mchanganyiko wenu, mwageni maji mpaka yapite, mngoje yaache kuchuruzika, kisha mpime uzito pasina ndoo. Mita moja ya mraba kwa kimo cha sentimita 10 ni lita 100, yaani ndoo kumi. Basi ndoo ikiwa na kilo 12, mita itabeba kilo 120. Ikiwa na kilo 18, mita itabeba 180. Mpeni mhandisi hesabu hiyo, aiangalie pamoja na michoro ya nyumba, na akisema dari haiwezi, liwe ndilo neno la mwisho.

Kwa majumba yenyewe ya kale, jawabu langu ni moja: msipande kitu juu yake. Nyumba hizi za Ndia Kuu, Kibokoni na Mkanyageni zimesimama kwa kuta nene za tumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya wazee wetu. Boriti kavu huishi miaka mingi sana. Boriti inayolowa hulika ndani kwa ndani, nje ikionekana nzima. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na tone kwa tone maji huozesha boriti. Tulijifunza kwa uchungu huko Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilipoporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na roho za watu zikapotea. Nyumba iliyobeba umri haiongezwi mzigo wala unyevu. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya haina budi kuulizwa kabla ya kubadilisha paa lolote.

Mji wa Kale utafaidika kwa njia nyingine. Majumba mapya ya zege yanayouzunguka hupokea jua mchana kutwa na kulirudisha usiku kama joto kwenye vichochoro. Maji ya mvua yanayomwagika kutoka mapaa hayo hukimbilia kwenye misingi ya nyumba za chini. Mwezi Mei, mvua ikipiga kweli kweli, mitaro haiyawezi. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa. Bustani ya sentimita 10 huweza kuzuia milimita kadhaa za mwanzo, na zile zinazozidi huzichelewesha ili mtaro upate nafasi. Majumba mapya yakijivika kijani, majumba ya kale yatapumua.

Najua wapo watakaoniuliza: na maji ya kuvuna je? Swali hilo ni la haki, katika mji ambao mikokoteni ya madumu ya maji hupita milangoni kila siku. Paa lenye bustani hutoa maji machache, tena yenye rangi. Anayetegemea paa kujaza tangi lake na agawe: sehemu moja iwe tupu na safi kwa ajili ya tangi, sehemu nyingine iwe bustani. Kwa maji tuliyonayo, tupande vinavyostahimili kiangazi cha Januari hadi Machi, tuache ndoto za nyasi laini.

Jambo la mwisho katika tahadhari zangu ni sumu, na hapa Mombasa hatuna ruhusa ya kulichukulia wepesi. Pale Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi hewani, majini na ardhini. Watoto na wazazi wao waliugua. Mwezi Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi wale walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo mwishoni mwa 2024. Kazi iliyokuwa ikifanywa pale nayo iliitwa kutumia taka upya. Basi jina zuri halisafishi kitu kichafu. Vifusi vyenye rangi kuukuu za mafuta vibaguliwe, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Vipande vya asbesto visiguswe wala kupondwa. Viachiwe wenye kibali cha kuviondoa. Vifusi vya gereji, vya mitambo, na majivu ambayo hamjui yalikotoka, vyote vibaki chini. Na kabla ya kupanda mchicha au chochote cha kuliwa, sampuli ya udongo ipelekwe maabara. Pasipo cheti, pandeni maua.

Haya ninayoyasema yameshajaribiwa kwa wenzetu. London, jengo la ngoma la Laban huko Deptford liliwekewa juu ya paa vifusi vilivyopondwa, kwa sababu kuna ndege mdogo adimu aliyezoea kuishi kwenye magofu na viwanja vya vifusi. Basel, Uswisi, sheria ya ujenzi yataka mapaa bapa ya majengo mapya yapandwe majani, na wataalamu wa huko wamesisitiza kutumia udongo na kokoto za eneo lenyewe, ili wadudu na mimea ya mahali pale wapate makazi. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza, akiwemo Chloe Molineux, walichapisha majaribio yao ya udongo wa paa uliotokana na taka, zikiwemo punje za majivu ya viwanda vya karatasi na punje za chokaa, na wakaona mimea huota vizuri vikichanganywa ipasavyo na mboji. Wao walianza na taka za kwao. Za kwetu ni tumbawe, kigae na kumbi.

Basi nayataka mambo matatu, na nayataja kwa sauti ili wahusika wasikie.

Kaunti ya Mombasa itenge uwanja mmoja kisiwani wa kupokea vifusi safi na makumbi, wenye mashine ya kuponda na chekecheo, na karibu yake boma la mboji ya Marikiti. Vijana wanaosukuma mikokoteni wanaijua kila pembe ya mji. Walipwe kwa kila mzigo uliochambuliwa.

Vyuo vyetu vya ufundi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor vichukue ndoo na mizani, vijaribu michanganyiko mbalimbali misimu miwili, kiangazi na masika, kisha matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, fundi yeyote aweze kuyatumia.

Na wewe mwenye jumba jipya la zege, usiagize lori. Anza na mhandisi, apime dari. Halafu fundi wa lami na mifereji, ahakikishe maji hayapenyi na mizizi haipiti. Ukishapata ruhusa ya hao wawili, anza na kona ndogo, mita chache, kwa vifusi vyako mwenyewe na makumbi uliyoyasuuza. Ukifanikiwa masika moja, ongeza.

Kazi hii haina haja ya kungojwa. Ya Bamburi ilishafanywa hapa hapa pwani, juu ya mwamba mtupu kama dari yoyote tuliyo nayo. Tuianze masika haya, kabla vifusi vya nyumba ijayo havijapakiwa.